Mahindi ya Kitale, Mabanda ya Malakisi

Nina duka la vyakula mjini Bungoma, na kwa miaka mingi karibu kila kitu kizito kilichokuwa ndani yake kilitoka Kitale. Mahindi, maharagwe, viazi, kabichi, vitunguu, hata zile karoti za wateja wachache wanaopika pilau wakati wa Krismasi, vyote viliteremka kwa barabara ile ile, ndani ya lori lile lile, kutoka kwa mwanamke yule yule. Sikuwa na sababu ya kutafuta kwingine. Mwanamke huyo alikuwa rafiki yangu na mzigo wake ulikuwa safi.

Tulijuana kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa uliofanyika Kitale. Tulipangiwa kumenya viazi pamoja, na sufuria ilipochemka tulikuwa tumeshapanga biashara. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo mahindi aliyajua tangu akiwa mgongoni. Alikuwa na tabia ya kutia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kisha anafumba macho, kama mtu anayempima mtoto homa. Mahindi yakiwa na unyevu alisema tu, "Haya bado," na mtu hangeweza kumbembeleza.

Mbali na wateja wa dukani, nilikuwa na shule moja ya bweni ya wasichana niliyoipelekea chakula. Mpishi mkuu wa shule hiyo ni mama mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na ndiye aliyekuja dukani asubuhi ile ya mvua, akashuka kwenye pikipiki akiwa bado amevaa aproni.

"Mama," aliniambia, "nimebakiza mahindi ya leo na kesho. Lori liko wapi?"

Lori lilikuwa limerudi Kitale. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imesomba upande mmoja wa daraja la njiani, na magari mazito hayangeweza kupita. Wenye haraka walizunguka mbali kupitia Eldoret, na mizigo yao ilipofika Bungoma ilikuwa na bei ya matajiri. Dukani kwangu kulikuwa na unga wa pakiti, chumvi, sabuni, na vitunguu vilivyoanza kuota majani.

Nakumbuka nikisimama katikati ya duka, nikitazama rafu moja baada ya nyingine na kujiuliza: hiki hutoka wapi? Na hiki je? Jibu lilikuwa moja kila mara. Sikuogopa. Nilikasirika, hasira ile inayomfanya mtu afunge kitambaa vizuri kichwani na kutoka nje.

Nilikodi pikapu nikaenda Matulo, nilikozaliwa. Ni karibu, hapo upande wa Webuye, na barabara yake ilikuwa inapitika. Niliingia boma la mamangu, kisha la jirani, kisha la jirani wa jirani. Viazi vitamu vilikuwa bado ardhini na ndizi zilikuwa mgombani. Kunde na mrenda, mboga zetu za kienyeji, vilijaa kila upenyo wa shamba, na hakuna aliyekuwa ameniuzia hata kimoja kwa sababu sikuwa nimewahi kuuliza. Majirani walichimba huku wakinicheka. "Mtu wa mjini amekumbuka nyumbani leo!" Jioni hiyo wasichana walikula viazi vitamu na maharagwe niliyokomba chini ya magunia, na kesho yake wakala tena. Mpishi aliniambia walinung'unika siku ya kwanza, na siku ya tatu wakapigania vile vya rangi ya machungwa.

Daraja lilitengenezwa. Lori la Kitale likarudi na mambo yakawa kama zamani. Mume wangu, aliyestaafu kazi ya serikali na ambaye hupenda vitu vikiwa kama zamani, alishukuru Mungu. Mimi nilimwambia kwamba sitangoja mvua nyingine inifunze somo ambalo nimeshalielewa.

"Si mahindi yanakuja tu?" aliuliza. "Unajisumbua bure, bana."

"Yanakuja mpaka siku hayaji," nilimjibu.

Nilianza na Kapsokwony. Kule mlimani vitunguu, viazi na kabichi hulimwa kwenye miteremko ambayo mimi naiogopa hata kuitazama, na mizigo huteremshwa kwa pikipiki kwenye barabara inayokatika ghafla kama ukingo wa meza. Nilipanda na mwendeshaji aliyezima injini kila palipokuwa na mteremko, na njiani nikakutana na kabichi zinakuja zimefungwa juu ya pikipiki, kichwa cha dereva hakionekani. Nilikutana na kikundi cha akina mama wakulima. Waliniuliza swali moja tu: kama nitanunua pia wakati soko limejaa, au ni wakati wa shida peke yake. Niliwaambia nitanunua kidogo kila siku ya soko, mwaka mzima, shida iwepo isiwepo. Tulikubaliana hivyo, na sijawahi kuruka siku.

Kisha nikaenda Malakisi kwa baba mdogo wa mume wangu.

Yeye alilima tumbaku karibu maisha yake yote. Nyuma ya nyumba yake kuna mabanda marefu ya matofali ya udongo, yasiyo na madirisha, ambamo majani ya tumbaku yalikaushwa. Moto huwashwa nje, kwenye jiko la shimo, na joto hupita ndani kwa mabomba makubwa ya bati yaliyolala sakafuni, hivi kwamba moshi hutokea upande wa pili bila kugusa majani. Aliacha tumbaku kifua kilipoanza kumsumbua. Sasa alilima maharagwe, njugu na mihogo, na mabanda yalikuwa ya kuku kulalia.

"Bibi yetu," aliniambia, "chukua maharagwe yote. Nimeyaweka mahali pakavu kuliko pote Bungoma."

Alikuwa ameyaweka ndani ya banda moja lisilo na kuku, na palikuwa pakavu kweli. Nilipeleka magunia yale shuleni, maharagwe yakachanganywa na mahindi kupikwa githeri, na baada ya siku mbili mpishi mkuu akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kwaya.

"Mama, hii maharagwe yako umetoa wapi? Wasichana wanasema githeri inanuka sigara. Mwalimu wa zamu amekagua mabweni yote akitafuta mvutaji!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaacha kucheka kwa sababu shule ni mteja. Nilirudi Malakisi. Baba mdogo aliona aibu kwanza, halafu akavua koti. Alikwangua kuta zote mpaka kwenye tofali, akaosha mabomba, akazipiga kuta lipu mpya ya udongo na samadi ya ng'ombe, akawasha moto mabanda yakiwa matupu na milango wazi, tena na tena, mpaka mkewe alipoingia, akavuta pumzi ndefu, na kusema hanusi kitu ila udongo. Maharagwe yaliyofuata yalinuka maharagwe.

Sikumwambia rafiki yangu wa Kitale mambo haya. Sikuwa namficha, niliona ni shughuli za upande wangu. Mahindi yote bado nilichukua kwake. Lakini madereva wa malori huongea, na siku moja nikapokea simu.

"Ati siku hizi unachukua viazi Kapsokwony?" alisema bila salamu. "Na maharagwe Malakisi? Nimekukosea nini?"

Mambo kama hayo hayatengenezwi kwa simu. Nilipanda gari nikaenda Kitale. Nilimkuta ghalani akisimamia magunia yapangwe juu ya mbao yasiguse sakafu. Alinisalimia vizuri, akanipa kiti, akaendelea kuhesabu magunia yake kwa macho huku mimi nikiongea na mgongo wake.

"Daraja lilipokatika," nilimwambia, "ulikuwa na ghala limejaa na mimi nilikuwa na duka tupu. Wewe hukunikosea na mimi sikukukosea. Barabara ndiyo iliyokosea. Sasa ikikosea tena, unataka nifunge?"

"Sitaki ufunge."

"Basi?"

Aligeuka. Macho yake yalikuwa na maji, jambo ambalo sikulitarajia kwa mwanamke yule. "Basi ni hivi. Wewe umejitafutia watu watatu, na hiyo ni akili. Mimi niko na nani? Karibu mzigo wangu wote unakuja kwako. Daraja lilipokatika ulikula viazi vya kwenu. Mimi nilikaa hapa nikiangalia kabichi zikioza."

Sikuwa nimeiona barabara ile kutoka upande wake. Nilikuwa nimefikiria kuhusu duka langu na shule yangu, na nilikuwa nimefikiria vizuri, lakini nilifika nusu ya njia. Nilimwambia hivyo. Tulikunywa chai. Kwa kawaida nilipoondoka kwake alinijazia mfuko wa maparachichi. Siku hiyo alinisindikiza hadi langoni mikono mitupu, tukaagana kama watu wa ofisi.

Mwaka huo mvua haikujua kuondoka. Mwezi wa kumi ulifika, wakati Trans-Nzoia yote huvuna, na bado kila alasiri mawingu yalishuka kutoka Elgon na kumwaga. Mahindi yalikuwa yamekomaa shambani, yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu, na yalikuwa yakilowa humo humo. Kwenye mashine za kukaushia foleni za matrekta zilizunguka kona. Watu walianika kwenye turubai asubuhi, wakakimbia kufunika adhuhuri, wakafunua tena jioni bila jua lolote. Madalali walipita wakinunua mahindi mabichi kwa bei ya kumdhihaki mkulima.

Alinipigia simu asubuhi moja nikifungua duka. Alikuwa anaongea pole pole.

"Mahindi inaota," alisema. "Inaota ikiwa kwa mabua. Nimevunja hindi moja nikakuta majani ya kijani ndani."

Nilikuwa nimeshika kufuli mkononi. Nilimuuliza kama anaweza kupata lori. Akasema lori lipo, jua ndilo halipo. Nikamwambia, "Achana na jua. Nipe mpaka saa nne."

Nikampigia baba mdogo Malakisi. Nilimweleza. Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Bibi yetu, tumbaku ni majani. Mahindi ni mawe. Nitakausha mawe namna gani?"

"Baba, mabanda yako yana moto au hayana?"

"Yako na moto."

"Basi tutajaribu."

Rafiki yangu alikuja na lori la kwanza yeye mwenyewe, ameketi mbele kando ya dereva, gumboots zikiwa na matope hadi magotini. Alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye: juu ya magunia ya mahindi yaliyopukuchuliwa alikuwa amepakia magunia mengine ya magunzi makavu ya mwaka uliopita. "Sitaki mkate miti kwa ajili yangu," alisema. "Magunzi yana moto wa kutosha na kwangu yamejaa." Baba mdogo alishika gunzi moja, akaliwasha kwa kiberiti, akalitazama linavyoungua polepole, na kuanzia hapo nikaona amemheshimu.

Heshima haikuzuia ugomvi. Baba mdogo alizoea moto mkali wa tumbaku. Rafiki yangu alisema moto huo utapasua punje na mashine ya kusaga itatoa pumba tupu.

"Mama, mimi nimekausha kwa banda hii kabla wewe uzaliwe."

"Ulikausha ya kuvutwa, baba. Hii ni ya kuliwa."

Tulitandaza mahindi kwenye vitanda vya waya na magunia vilivyotundikwa mahali paliponing'inizwa tumbaku zamani. Gunia la kwanza liliharibika: juu likapasuka na chini likabaki bichi. La pili tuliligeuza kila mara kwa reki, moto ukawa mdogo, mlango ukaachwa wazi kiasi cha mkono ili mvuke utoke. Joto lilikuwa linakubana kifua, na harufu ilikuwa ya uji unaoanza kuchemka. Rafiki yangu aliingia na kutoka, anatia mkono, anafumba macho, anatikisa kichwa. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akilisha magunzi kidogo kidogo, na kila mara alimuuliza, "Bado?" Naye akajibu, "Haya bado."

Asubuhi iliyofuata rafiki yangu alitia mkono na hakutikisa kichwa. Alichukua punje, akaiuma, ikalia kama kijiti kikavu. Mke wa baba mdogo alipeleka debe moja kwenye kinu cha posho hapo sokoni, akarudi na unga, akapika ugali. Tulikula na mrenda. Kila mtu alinusa tonge lake kwanza, wala hakuna aliyejificha kunusa. Halikuwa na moshi wala tumbaku. Baba mdogo alimaliza sahani, akainuka, akaenda kubisha kwa majirani zake, wakulima wenzake wa zamani, kuwaambia watoe kuku ndani ya mabanda.

Malori yaliendelea kuja kwa wiki kadhaa. Kwanza yake, kisha ya majirani zake wa Kitale, watu ambao hawakuwahi kufika Malakisi na waliuliza njia kwenye kila kituo. Kila lori lilileta magunzi yake. Wenye mabanda walilipwa kwa mahindi, jambo lililowafaa kwa kuwa mavuno yao pia yalikuwa yamepigwa na mvua. Mimi kazi yangu ilikuwa simu: nani apakie, nani angoje, banda gani limepoa, barabara ya Chwele iko vipi leo. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia ile. Nilijua kila uzi ulikoanzia na ulikofungwa.

Hatukuokoa yote. Kulikuwa na mahindi yaliyofika yakiwa yameshaota kuvu, meusi na ya kijivu, yananuka kama nguo zilizofungiwa zikiwa zimelowa. Mtu mmoja alishauri tuyachanganye na mazuri, hakuna atakayeona. Mwingine akasema basi wapewe kuku. Rafiki yangu alikataa yote mawili. Kuvu ile ni sumu, alisema, na kuku huliwa na mtu. Yalikuwa mahindi ya kutoka shamba la wazazi wake, lile la juu, zuri kuliko yote. Aliomba jembe, akachimba shimo nyuma ya banda, akayamwaga humo na kuyafukia mwenyewe, bila kukubali kusaidiwa. Alipomaliza alinawa mikono kwa muda mrefu. Nilimletea maji mengine, nikasimama naye. Hakulia. Aliniambia tu, "Mwaka ujao nitapanda mapema na nitajenga banda langu."

Na amelijenga, Kitale, kwa mfano wa yale ya Malakisi, ingawa la kwake lina dirisha. Baba mdogo alienda kumwonyesha jinsi ya kulaza mabomba, akakaa huko siku nyingi kuliko alivyoaga, akarudi amenenepa.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mahindi makavu yalikuwa adimu kotekote. Mpishi mkuu alikuja dukani uso umekunjamana, tayari kwa habari mbaya. Nilimpeleka nyuma, nikamwonyesha magunia yamepangwa juu ya mbao, yale yenye mfuko wa ndani wa plastiki usiopitisha hewa, ambamo dumuzi, wale wadudu wa mahindi, hufa bila dawa. Alitia mkono, akanusa, akanitazama kwa kunishuku.

"Hakuna sigara?"

"Hakuna sigara."

Siku hizi yeye huja kabla muhula haujaanza, tunakaa na kupanga. Wiki hii ugali na kabichi za mlimani, wiki ile viazi vitamu vya Matulo, mara moja moja ugali wa wimbi na muhogo, ili siku kimoja kikikosekana wasichana wasione kama dunia imeisha. Lori la Kitale nalo halirudi tupu tena. Linapakia mihogo mikavu na njugu za Malakisi, na rafiki yangu anaziuza kwenye soko ambalo zamani hakulijua. Ana wateja Kapsokwony pia, akina mama wale wale wa kabichi, ambao mahindi yao hayatoshi. Mume wangu husema sisi tumekuwa serikali. Anasema kwa kulalamika, lakini ndiye anayepokea simu nikiwa safarini, na anajua bei ya vitunguu kuliko mimi.

Mwaka huu mvua imefanya kinyume. Imechelewa. Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia simu, nikadhani ni shida.

"Niletee mbegu ya wimbi," alisema. "Na mtama. Nimeamua sehemu ya shamba nisipande mahindi."

"Wewe? Mtoto wa mahindi?"

"Mimi. Na uje mwenyewe unifunze, si uniletee mtu."

Nilienda jana. Trekta lilikuwa limeshalima na udongo ulikuwa mkavu juu, mweusi chini. Wimbi ni mbegu ndogo kama mchanga, na yeye amezoea punje moja moja za mahindi. Alizimwaga mahali pamoja kama anayetia chumvi kwenye mchuzi. Nilimshika mkono nikamwonyesha, vidole vilegee, utembee huku ukitupa. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena.

"Si ni nyingi sana hapa?" aliuliza.

"Ni nyingi. Tutapunguza zikiota."

Tulienda mstari baada ya mstari, mimi upande huu na yeye upande ule, mpaka mbegu ikaisha mfukoni. Kisha tukaketi pembeni mwa shamba kunywa chai ya chupa, mawingu yakikusanyika upande wa mlima, na yeye akaanza kuniambia ni nani pale Bungoma atakayenunua unga wa wimbi, na kwa nini tuanze na hospitali, wanakopikia wagonjwa uji.